Siwezi Kusaini Hewa

Mzee aliyekuwa anisainie karatasi hakuinua hata kichwa roketi yangu iliporuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, anachovya biskuti kwenye kikombe cha kahawa. Sisi wengine wote pale malishoni tulikuwa tumeinua shingo kama kuku wanaokunywa maji. Mimi nilipiga ukelele ambao mke wangu aliurekodi kwa simu, na mpaka leo huwachezea wageni kabla hata chai haijaletwa. Kulikuwa na moto mweupe, mlio kama wa turubai linalochanwa kwa mikono miwili, halafu uzi wa moshi uliosimama wima, na juu ya uzi ule kitu kidogo kikizidi kuwa kidogo. Sekunde moja na ushei, mota imekwisha. Kilichobaki ni kasi tu.

Mzee alimaliza biskuti yake. Ndipo akasukuma kofia nyuma, akatazama juu, akatafuta, na alipouona mwavuli mwekundu umefunguka mbali sana akatikisa kichwa mara moja.

"Haya," akasema. "Sasa niletee."

Sikumletea.

Hiyo ilikuwa Agosti, nje ya Argonia, kijiji cha Kansas kilichoko chini ya mwendo wa saa moja kusini-magharibi mwa Wichita ninakoishi. Argonia hainyoshi hata shingo kwenye ramani, lakini mwaka 1887 ilimchagua Susanna Salter kuwa meya, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Marekani nzima. Jina lake lilitiwa kwenye karatasi za kura na wanaume waliotaka kumfanyia mzaha, mzaha ukawashinda. Siku hizi kijiji kinajulikana kwa jambo jingine: malisho ya ng'ombe yaliyo tambarare hivi kwamba watu huja kutoka majimbo ya mbali kurusha roketi. Hakuna mti wa kunasa mwavuli. Kuna nyasi, kuna waya wa seng'enge, kuna mashamba, na kuna upepo.

Wanaoniuliza "roketi gani hizo, fataki?" huwa nawaanzia kwenye herufi. Mota za roketi za uraibu, yaani za kujifurahisha tu, hupangwa kwa herufi kulingana na jumla ya msukumo wake, na jumla hiyo hupimwa kwa nyutoni-sekunde. A haizidi 2.5. B haizidi 5, C 10, D 20, kila herufi ikiruhusu mara mbili ya iliyotangulia, mpaka unafika G kwenye 160. Mpaka hapo ni mambo ambayo mtu huyafanya na watoto wake kwenye uwanja wa shule. Ukitaka H, muuzaji anakuuliza: cheti kiko wapi? Daraja la kwanza linakupa H na I, yaani mpaka 640. La pili lina mtihani wa kuandika na linakufikisha L, nyutoni-sekunde 5,120. La tatu sitaki hata kulifikiria. Mke wangu anasoma blogu hii.

Vyama viwili ndivyo vinavyotoa vyeti hivyo huku: NAR (National Association of Rocketry), kilichoanza mwaka 1957, na Tripoli, kilichoanza 1964. Mimi nilikwenda kwa NAR kwa sababu tu ndicho kilichokuwa kwenye kadi ya mtu wa kwanza aliyenisalimu. Hakuna mtihani wa karatasi kwa daraja la kwanza. Unajenga roketi kwa mikono yako mwenyewe, unairusha kwa mota ya H au I mbele ya mashahidi wawili, na unaileta. Hilo la mwisho ndilo lenye masharti. Lazima ishuke salama kwa mwavuli au njia nyingine iliyokubaliwa. Ganda la mota lazima liwe bado limo ndani, halikutemwa njiani. Na roketi yenyewe iwe katika hali ambayo, ukitia mota nyingine, ingeweza kuruka tena. Ukisoma fomu ile utaona habari za kupaa hazichukui hata mistari miwili.

Niliposoma hivyo nilimkumbuka babu yangu mzaa mama.

Babu alikuwa mvuvi wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mtu wa Ngomeni hahitaji kuelezwa roketi ni nini. Pale baharini yamesimama majukwaa ya chuma, San Marco na Santa Rita, miguu yake mirefu ndani ya maji kama korongo waliosahau kuruka. Wataliano ndio walioyaweka, na kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 roketi za Scout zilirushwa kutoka pale kupeleka setilaiti angani, kwa sababu ukiwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia wenyewe unakusukuma. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, walirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili, limeandikwa kwenye vitabu vya wanaastronomia mpaka leo, na limetoka mahali ambapo siku hizi ukipita utaona zaidi majaruba ya chumvi.

Roketi ya mwisho iliruka Machi 1988, nami nilikuwa na miaka minne, sikumbuki kitu. Ninachokumbuka ni manung'uniko ya babu. Siku za roketi, alisema, wavuvi walikuwa hawaruhusiwi kutoka, na kilichomkera si kelele, ni siku ya samaki iliyokwenda bure. Nilimuuliza zile roketi zilikuwa zikienda wapi. "Hazirudi zile," akanijibu. "Kitu ukikirusha kisirudi, bwana mdogo, hukukirusha. Umekitupa."

Sikuwa na jibu wakati ule. Sasa ninalo, kwamba setilaiti haikutakiwa irudi, lakini babu keshatangulia mbele ya haki na hata angekuwepo asingelikubali.

Tatizo la kwanza halikuwa la ufundi. Mimi nafanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha vipuri vya ndege, na hapa Wichita hiyo ni kazi kama uvuvi Ngomeni, kila nyumba ina mmoja. Gundi ya epoksi naijua, msasa naujua. Tatizo lilikuwa mke wangu, aliyesimama kwenye mlango wa gereji siku sanduku la kwanza lilipofika, akatazama lile neli refu, zile nyaya, kile kichupa cha baruti nyeusi, kisha akanitazama mimi.

"Wewe bwana," akasema, "na jina lako hilo. Na ndevu hizo. Unataka tugongewe mlango saa nane ya usiku?"

Nikamweleza. Fueli ya mota hizi ni ngumu kama raba ya soli ya kiatu. Ni ammonium perchlorate iliyochanganywa na unga wa madini na kushikwa na aina ya mpira. Haipasuki, inaungua. Kwa miaka mingi idara ya serikali inayosimamia silaha na milipuko iliiweka kwenye orodha ya vilipuzi, na ukitaka kuinunua unaomba leseni na kuchukuliwa alama za vidole. Mwaka 2000 vile vyama viwili vya uraibu vikaipeleka idara hiyo mahakamani. Kesi ikaburuzwa miaka tisa. Tarehe 16 Machi 2009 Jaji Reggie Walton, kule Washington, akaamua kwamba idara haikuwa na ushahidi wa kuiita fueli hiyo kilipuzi, na ikaondolewa kwenye orodha. Kwa hiyo, nikamalizia kwa sauti ya wakili, ninachokifanya ni halali kabisa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na jirani ameisoma hukumu hiyo?"

Hapo alinipata. Kesho yake nikamwita jirani gerejini, nikamwonyesha kila kitu kimoja kimoja, nikamwacha ashike. Ni mkulima mstaafu, mtu wa maneno machache. Akauliza neli ni la nini, nikamwambia ni karatasi ngumu tu, ndugu yake lile linalozungushiwa kitambaa dukani. Akauliza mapezi ni ya nini. Jioni yake akarudi na msasa wake mwenyewe, akavuta kiti. Mke wangu alipoona wazee wawili wanapiga msasa pezi moja bila kusema neno, alirudi ndani, na habari za mlango kugongwa hazikuzungumzwa tena. (Mama yangu, kwa simu kutoka Malindi: "Mwanangu, umekwenda Amerika yote hiyo kurusha fataki?" Naam, mama.)

Mapezi ndiyo kazi. Watu hudhani roketi ni mota, mota unainunua. Mapezi unayakata au unayakuta yamekatwa kwa plaiwudi, na jinsi utakavyoyashikiza ndivyo utakavyoaibika au usivyoaibika. Yangu yalipenya kwenye ukuta wa neli mpaka yakaugusa mrija wa ndani unaobeba mota, nikayatia epoksi sehemu tatu: kwenye mrija, ndani ya ukuta, na nje kwenye kona, ile ya nje ukiivuta kwa kidole kilicholowanishwa spiriti ili itulie kama mfereji. Unafanya kona mbili, unasubiri mpaka zishike, unageuza roketi, unafanya mbili nyingine. Huwezi kuharakisha, maana epoksi ya dakika tano ni ya kubandika kikombe, si ya kitu kitakachokwenda kilomita mia tano kwa saa.

Kila aliyerusha tiara utotoni anajua kwa nini mapezi yapo, hata kama hajui kuwa anajua. Tiara bila mkia inazunguka na kujipiga chini. Roketi nayo ina mahali uzito wake unapolingana ukiiweka juu ya kidole, na ina mahali nguvu ya upepo wa ubavuni inapolingana. Uzito lazima uwe mbele, upepo nyuma, na baina ya sehemu hizo mbili pawe na nafasi isiyopungua upana wa roketi yenyewe. Ya kwanza unaipata kwa kidole. Ya pili zamani ilikuwa kitendawili, mpaka katikati ya miaka ya 1960 alipotokea James Barrowman, mhandisi wa NASA na mraibu wa roketi hizi hizi ndogo, akaandika hesabu ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzifanya kwa penseli mezani. Siku hizi unaingiza vipimo kwenye OpenRocket, programu ya bure iliyoanza kama kazi ya shahada ya mwanafunzi wa Finland, na kompyuta inakuchorea alama mbili kwenye mwili wa roketi yako. Nimekaa usiku mwingi nikizisogeza alama zile huku na huku kwa kuongeza gramu hamsini puani.

Hapo ndipo nilipoteleza, na sikuteleza kwenye hesabu. Yule mzee wa biskuti, aliyetumia maisha yake akiunda ndege na sasa anawashika mkono wageni kama mimi, aliniambia mapema: "Anza na nene. Nene na nzito. Iende juu kidogo, uione inakwenda, uione inarudi." Roketi ya upana wa inchi nne, alisema, haiwezi kukukimbia. Nikamshukuru, nikaenda nyumbani nikaagiza ya inchi mbili nukta sita. Nyembamba, ndefu, maridadi kama samaki nguru. Kompyuta ikaniambia kwa mota ileile ya H itapanda mita 620. Ile nene ingepanda 360. Nani anajenga roketi ili isipande?

Siku yenyewe niliamka kabla ya alfajiri. Mota niliikusanya kwenye mlango wa nyuma wa gari, mikono ikitetemeka, maelekezo nimeyashikilia kwa jiwe yasipeperuke. Aina hii huja vipande vipande: ganda la alumini ambalo ni lako milele, na fueli ya kutumika mara moja. Yangu iliandikwa H128W. H ni ile herufi, 128 ni wastani wa nguvu kwa nyutoni, W ni rangi ya moto wake, mweupe. Unapaka oringi, zile pete za mpira, grisi, unaingiza vipande vya fueli, unafunga nozeli, tundu la kutolea moto, upande mmoja na kizibo upande wa pili. Ndani ya kizibo kuna kipande kinachoungua polepole baada ya fueli kwisha, roketi ikiendelea kupanda kwa kasi yake. Kikifika mwisho kinawasha baruti kidogo inayosukuma pua itoke na mwavuli nyuma yake. Changu kilikuwa cha sekunde 14. Kompyuta ilitaka tisa na nusu. Kuna kikeekee cha mkono kinachotoboa kipande hicho na kupunguza sekunde mbilimbili. Nikatoa nne, zikabaki kumi. Nilihesabu mara tatu, na mara ya nne nikamwambia mke wangu ahesabu.

Mkaguzi wa usalama akaichukua roketi, akaitikisa, akavuta pua kuona kama imekaza mno au imelegea, akapapasa kila pezi kama mtu anayenunua mbuzi, akaniuliza uzito, mota, na namba ya simu nimeandika wapi. Kilo moja, msukumo zaidi ya mara kumi na mbili ya uzito, na kanuni ya NAR inataka angalau mara tatu. Namba iko hapa, karibu na mapezi. Akanipigia mhuri.

Upepo ulikuwa maili 15 kwa saa. Kikomo ni 20. Ulikuwa unatoka kusini, kama kawaida ya Kansas wakati wa joto, nami nilipousikia shavuni nikacheka peke yangu: kusi. Agosti ni kusi, hapa na kwetu. Wakati wa kusi kali babu alikuwa havuki mwamba, akikaa kibarazani kushona nyavu. Mjukuu wake akaichomeka roketi kwenye reli ya kurushia, akarudi nyuma ya kamba, mita 30 na zaidi, akaitikia kwa kichwa.

Yaliyofuata nimeshayasimulia. Mwavuli ulifunguka palepale ulipotakiwa kufunguka, mita mia sita na kitu, na ukaanza safari. Ukishuka mita tano na nusu kwa sekunde kutoka huko, ni karibu dakika mbili hewani, na dakika mbili za kusi ni mita mia nane. Niliutazama ukivuka seng'enge. Ukavuka barabara ya vumbi. Ukawa doa jekundu juu ya shamba la kijani kibichi linaloanza kugeuka shaba, ukazama ndani yake kama jua linavyozama baharini, bila kishindo.

Shamba lilikuwa la mtama.

Mtu wa pwani ya Afrika anaweza kukaa Kansas mwaka mzima akidhani ni nchi ya ngano tu. Hakuna jimbo Marekani linalovuna mtama kama hili. Hupandwa mfupi ili mashine iukate vizuri, unanifika kifuani, na majani yake hukata mikono kama karatasi mpya. Mwenye shamba alipigiwa simu, akaruhusu, akasema tupite kati ya mistari tusivunje. Tuliingia watu watano. Joto lilikuwa nyuzi 38. Ukiwa nje unaona mistari. Ukishaingia unaona majani. Baada ya hatua mia hujui tena ni wapi ulipotazama. Nilikuwa sikununua kile kidude cha kulia pipi-pipi kinachofungwa kwenye kamba, dola zangu ishirini nilizibania, na ile roketi ilinyamaza kimya kama niliyemfundisha adabu.

Tulitafuta saa tatu. Niliporudi, mashati yangu yamelowa, mzee alikuwa ameiweka fomu juu ya meza na kuibana kwa kikombe.

"Nimeuona mwavuli," akasema. "Naamini ilitua salama. Naamini imo humo, nzima, mota ndani. Lakini siwezi kusaini hewa."

Nilimkasirikia muda wote wa kurudi nyumbani, mpaka karibu na uwanja wa ndege wa Wichita, nilipomkumbuka bibi. Bibi hakuwahi kushuka ufukweni asubuhi kumuaga babu. Watoto wake walimshangaa, wanawake wengine walimsema. Alikuwa akishuka alasiri. Alisimama chini ya mkadi na kuhesabu matanga yanayoingia, na mpaka hesabu ilipotimia hakuwa akimjibu mtu salamu.

Ya pili niliijenga nene. Inchi nne, pua kama kichwa cha papa butu, rangi ya chungwa ya makoti ya mafundi wa barabara. Mbaya. Binti yangu aliitazama akasema, "Baba, hii ni mtungi wa gesi." Niliitia mapezi kwa wiki moja na nusu, jirani akishika taa. Ganda jipya la mota nililinunua kwa uchungu, maana la kwanza lilikuwa limelala mtamani. Safari hii nilinunua kidude cha kulia, na nikaongeza kifaa kingine cha kampuni ya Jolly Logic, kidogo kama kiberiti, kinachofunga mwavuli kwa mpira na kuufungua tu roketi ikishuka mpaka kimo ulichokiweka. Nilikiweka futi 300, kama mita 90. Roketi inaanguka imefumba, halafu karibu na ardhi inafumbua, na kusi haina muda wa kuiba kitu.

Septemba, malisho yaleyale, mzee yuleyale. Upepo maili nane. Mkaguzi akapapasa mbuzi wangu, akapiga mhuri. Nikaichomeka, nikaunganisha nyaya, nikarudi nyuma. Mwenye kitufe akaanza kuhesabu kurudi nyuma, tano, nne, na palepale nikapata swali kichwani: kile kifaa nilikiwasha?

Nilikuwa nimekijaza chaji usiku. Nilikuwa nimekijaribu asubuhi kwenye meza. Nilikuwa nimekizima ili kisimalize chaji. Kisha nikaulizwa jambo na mtu, nikajibu, nikaukunja mwavuli, nikausukuma ndani, nikafunga pua. Ilikuwa kwenye orodha, namba saba, nami sikumbuki kuitia alama namba saba. Ukitaka kusimamisha unapiga kelele tu, kila mtu anasimama, hakuna anayekucheka. Nilifungua mdomo. Wakafika moja.

Nene haikuruka kama ya kwanza. Iliondoka kwenye reli kama lori linaloacha taa za barabarani, kwa heshima, ukiweza kusoma maandishi ubavuni. Nikaiona njia nzima. Nikaiona ikipunguza mwendo, ikiinama kidogo upande wa upepo, nikaona moshi mdogo wa baruti na pua ikitoka, kwa wakati, kamba ikinyooka. Ikaanza kushuka, vipande viwili vimeunganishwa kwa kamba, na katikati furushi la rangi nyekundu lililofungwa kama bahasha. Vilevile inavyotakiwa. Na vilevile ambavyo ingekuwa kama kifaa kimezimwa.

Mita 300. Furushi. Mita 200. Mke wangu hakurekodi mara hii. Alikuwa amenishika mkono kwa kucha. Nilimgeukia mzee. Kahawa ilikuwa chini, kofia imeshikwa mkononi, na alikuwa amesimama, anatazama furushi lilelile nililokuwa nalitazama mimi. Mita 150. Mtu mmoja nyuma yetu akaanza kusema neno lisilofaa mbele ya watoto.

Likafumbuka. Lilifumbuka lote mara moja, kwa sauti ambayo nakuapia niliisikia kutoka pale, na ule mtungi wa gesi ukatua kwenye nyasi, umbali wa kutembea, ukilia pipi-pipi kama kifaranga.

Nilibeba mikononi, sikuikunja kamba, sikugusa kitu. Mzee akaigeuza, akabonyeza mapezi kwa kidole gumba moja baada ya jingine, akachungulia nyuma kuona ganda la mota limo. Bado lilikuwa la moto. Kisha akauliza kama nilikiwasha kile kifaa au kilijiwasha chenyewe, nami nikasema sijui, na yeye akasema amekuwa kwenye mchezo huu miaka mingi na jibu hilo amelisikia mara nyingi. Akasaini. Shahidi wa pili akasaini. Kadi ilikuja kwa posta, ina jina langu limeandikwa vibaya herufi moja, na sijaomba ibadilishwe.

Simu ilipigwa Oktoba, mchana, nimelala baada ya zamu. Namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamume na nyuma yake injini kubwa ikinguruma.

"Una kitu chako hapa?" akauliza. "Kimeandikwa namba hii."

Alikuwa juu ya mashine ya kuvuna. Ameiona nyekundu mbele ya visu akasimama. Nilipofika alikuwa ameilaza kwenye boneti ya pikapu, juu ya gunia, kama kitu kilichopatikana baharini. Mwavuli ulikuwa umepauka rangi ya nyama ya tikiti maji. Neli lilikuwa limevimba kwa mvua na kuchanika ubavuni, panya walikuwa wamelala puani. Mapezi yote yalikuwepo. Nilijaribu moja kwa kidole gumba, nikiiga, halikutikisika. Ganda la mota lilikuwa ndani, masizi yamekauka, nalo lilitoka baada ya siki na siku mbili za maji moto, na mpaka leo ndilo ninalolitumia.

Nilitaka kumpa kitu kwa muda wake, akakataa. Aliuliza ilipanda kiasi gani. Nikamwambia. Akainua macho kidogo, akayashusha, akasema hakuna aliyemwambia kuwa ni mbali hivyo. Basi nikamwomba mimi: vichwa vichache vya mtama wake, kama haitakuwa taabu. Akanishangaa, maana ule wake huwa unakwenda kwa ng'ombe, akanijazia ndoo.

Jumamosi mke wangu akausaga, akapika uji, akatia sukari na ndimu kama anavyoutia mamake. Jirani alikunywa vikombe viwili. Mke wangu akakaa na kikombe chake, akanitajia kwa vidole bei ya roketi ya kwanza, na ganda la pili, na kifaa, na kidude cha kulia, na petroli ya kwenda Argonia mara tatu, akanywa funda moja.

"Haujambo," akasema. "Lakini sijawahi kunywa uji wa bei hii."